Ng'ombe Kumi na Wawili wa Anyesi

Kijiwe chao kilikuwa taruma la chuma la kulazia reli, lililosazwa Mjerumani alipoifikisha Dodoma, limelazwa juu ya mawe mawili nyuma ya stesheni. Hassani wa Kondoa, muuza kahawa, walimbandika jina la Kadhi, maana alijua hukumu za watu wote isipokuwa za nyumbani kwake. Sila aliitwa Karani kwa kuwa aliwahi kumbebea karani mkoba, tena siku moja tu. Katikati yao, maskini, alikaa Matonya, kikombe kimempoa mkononi. Juzi dada yake Anyesi alirudi nyumbani jicho limevimba, mtoto mgongoni, akaapa kwa mumewe hakanyagi tena. Mume naye akatuma neno: leo kabla ya jua kuchwa arudishiwe ng'ombe wake wa mahari, kumi na wawili, au arudishiwe mke.

— Warudishe, bwana, yaishe, akasema Kadhi.

— Niwatoe wapi? Wanane nimeolea mimi. Wawili alichukua mjomba. Wawili wamekufa kwa sotoka.

— Basi muache mkeo, akasema Karani. Wakwe zako wakurudishie wanane.

— Ana mimba ya miezi saba, we Sila!

— Na hao wanane wakwe zake walishamuozea mwana wao, akadakia Kadhi. Basi naye amuache wake, na wa kule naye wake. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mpaka Kilimatinde hatabaki mwenye mke! akasema Karani. Mimi ningekwenda bomani, niseme ng'ombe wamegongwa na treni. Mjerumani atalipa.

— Atakulipa viboko ishirini na tano. Sikiliza, tumpeleke Anyesi Kondoa, asilimu, apewe talaka huko.

— Mumewe si Mwislamu!

— Naye tutamsilimisha.

Matonya hakucheka. Jua lilikuwa limeshapita paa la stesheni.

— Dawa ni moja, akasema Karani. Arudi kwa mumewe. Mtoto ni wa baba yake, na damu nzito kuliko maji.

Damu ipi, mshenzi wewe? Ile ya jicho la dada yangu? Matonya alitaka kumtandika kofi. Mkono haukuinuka. Alikuwa na wazo hilohilo tangu alfajiri.

Ndipo Anyesi mwenyewe akatokea, mtoto mgongoni.

— Mbukwenyi, akawasalimu.

— Mbukwa, wakaitikia, macho chini.

— Kaka, tangu asubuhi mnahesabu ng'ombe. Nina swali moja tu. Katika wale kumi na wawili, mimi nilikula yupi?

Kadhi akashika birika amimine. Halikuwa na kitu. Karani akajikuna goti. Matonya alimkumbuka mkewe, akalikumbuka lile tumbo, akainamia kikombe chake.

Anyesi alingoja. Alingoja sana, jamani. Kisha akakaza mbeleko, akashika njia ya kwa mumewe, na hakuna aliyemwita.