Twiga wa Kilo Sabini

Basi la Wamunyu lilikuwa nusu tupu, kwa hivyo Kalunde aliwasikia vizuri wawili walioketi mbele yake. Mchongaji mmoja, Musau, alikuwa amepakata tangi la kioo la kufugia samaki. Mteja alitaka libebwe na twiga wanne wa mbao.

"Ni lita nne tu, mama," Musau alimwambia jirani yake. "Nilipima na tepu ya bibi yangu ya kushona. Ishirini na nne, kumi na mbili, kumi na tano. Nikazidisha, nikagawanya kwa elfu."

Mama akalikagua tangi kama mzigo wake wa maji wa kila asubuhi. "Hapa mtungi wa lita ishirini unaingia mara tatu na nusu. Ulipima upande wa inchi, baba. Hiyo elfu ni ya sentimita."

Kalunde, aliyebeba maji mgongoni miaka yote bila kuwaza hesabu, alijikuta ameketi wima.

"Kwa hivyo maji yake ni kilo sabini?" Musau akauliza.

"Bila kioo. Ni kama wewe mwenyewe usimame juu ya hao twiga."

"Lakini twiga hana miguu minene."

"Basi chonga ndovu."

"Mteja anataka twiga."

Basi likasimama. Musau akashuka polepole, amelikumbatia tangi kana kwamba tayari lina maji.