Katekista Aliyesema Hajui: Maisha ya Mzee Kasimiri Tomasi

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, nyumbani kwa Faraja huko Bigwa, Morogoro, waliokuwepo chumbani ni Mama Eufrazia, mke wa marehemu, aliyekaa kitandani upande wa miguu, Faraja mwenyewe, binti yao wa mwisho, akiwa na mtoto mgongoni, jirani yao Mwajuma Abeid, aliyekuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai kama alivyofanya kila asubuhi tangu Kwaresima, Padri Benedikto, ambaye siku hizi naye anatembelea mkongojo, na Mzee Abdulswamad wa Mkuyuni, mtani wa marehemu, aliyeingia bila hodi kwa sababu mtani haombi ruhusa. Hao ndio waliosikia maneno ya mwisho ya marehemu, na mama ameomba maisha yake yasomwe kwanza, ili maneno hayo yakifika yaeleweke.

Marehemu Mzee Kasimiri Tomasi alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika milima hii ya Uluguru, upande wa Matombo, mtoto wa tatu wa Mzee Tomasi na Mama Yustina, akabatizwa wiki ileile na kupewa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule ya misheni na kumaliza la saba mwaka 1966, akiwa mtoto msikivu, mpole, na mwenye maswali yaliyowachosha wakubwa. Siku moja kwenye mafundisho ya dini aliuliza, kama Mungu ndiye aliyeumba vitu vyote, Shetani aliumbwa na nani, na mwalimu akampigisha magoti juu ya changarawe mpaka kipindi kikaisha. Mama yake alimpaka mafuta ya nazi magotini, wala hakumgombeza, alimwambia tu kwamba swali ni zuri, ila siku nyingine amuulize Mungu mwenyewe, kwa sababu Mungu hana changarawe.

Mwaka 1971 alichaguliwa na wazee wa kigango kwenda kusomea ukatekista, akarudi mwishoni mwa mwaka 1972, na tangu hapo alifundisha dini, aliongoza ibada pale padri alipokuwa mbali, na alizika. Mkono mmoja ulishika msalaba na mwingine jembe, maana katekista halishwi na madhabahu, naye aliishi kwa migomba, mdalasini na pilipili manga kama sisi wote.

Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na Mama Eufrazia. Siku hiyo Abdulswamad, aliyekuwa kijana machachari, alijilaza njiani mbele ya maharusi, akatangaza kwamba binti wa watu anapelekwa kufa njaa, kwa sababu mume wake hatakula mpaka sala iishe na sala zake haziishi, na hakuinuka mpaka alipopewa jogoo. Abdulswamad ni Mwislamu na marehemu alikuwa Mkatoliki, lakini utani wa koo zao ni wa zamani kuliko yote hayo, na kwa mila yetu mtani ana ruhusa ya kusema mbele ya watu, hata kaburini, jambo ambalo ndugu hathubutu kulisema.

Mungu aliwajalia watoto sita, wanne wa kiume na wawili wa kike, ambao wote walifundishwa kusoma na baba yao kabla hawajaingia shule. Wa tano alikuwa Redempta, aliyezaliwa mwaka 1989, mtoto mwenye sauti nyembamba ya kuimba na tabia ya kugawa muhogo wake njiani mpaka anafika shuleni mikono mitupu.

Jumamosi, tarehe 4 Aprili 1998, marehemu aliwatuma watoto wa komunyo ya kwanza wakakate makuti ng'ambo ya mto kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Huku chini jua lilikuwa linawaka, mto ulikuwa wa kufika kwenye vifundo vya miguu, na hakuna aliyejua kwamba huko juu mlimani mvua imenyesha tangu alfajiri. Maji yalishuka kwa mara moja, yakiwa mekundu na yamebeba magogo, wakati watoto wanarudi. Redempta alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa amemshika mkono mtoto mdogo wa jirani na kumsukuma ukingoni kwanza. Mtoto yule alipona, na leo yumo miongoni mwenu akiwa mama wa watoto wawili.

Mazishi ya Redempta yalifanyika siku ya Matawi yenyewe. Waombolezaji walipita mmoja mmoja wakimshika mkono Mzee Kasimiri na kumwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, wakisema kwa upendo, kwani maneno hayo walifundishwa na yeye, ndiye aliyeyasema kwenye kila msiba wa kigango hiki kwa miaka zaidi ya ishirini. Marehemu aliitikia kwa kichwa, macho makavu, na Mama Eufrazia anakumbuka kwamba tangu jana yake hakuwa ametoa chozi wala kumeza chochote, na wanawake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba huyu naye atafuata.

Hapo ndipo Abdulswamad alipofika na jembe begani, watu wakatulia wakisubiri mzaha wa mtani, naye akasimama uso kwa uso na marehemu.

"Mtani, wenzako wote uliwaambia kazi ya Mungu haina makosa," alisema. "Leo zamu yako. Sema, tukusikie."

Wazee waliguna, wengine walitaka kumwondoa, lakini mtani haondolewi. Marehemu akasema, "Siwezi. Sijui kwa nini, mtani. Sijui." Ndipo chozi lilipotoka, na baada ya chozi kilio ambacho kigango kizima hakijakisahau. Abdulswamad aliweka jembe chini, akaketi naye udongoni bega kwa bega mpaka jua lilipozama. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alikuja kumchokoza makusudi, kwa sababu alimwona mwenzake anakufa na maneno yake mwenyewe yakiwa yamemkaba koo.

Siku za Juma Kuu wazee walikuja kumfariji na kumweleza. Mmoja alisema huenda ni adhabu ya dhambi, na marehemu akauliza dhambi gani inatosha bei hiyo, na kama ni yake kwa nini alipe mtoto. Mwingine alisema Mungu anawafundisha subira, naye akajibu kwamba hata yeye, mwalimu aliyeishia darasa la saba tu, ana njia nyingine za kufundisha. Aliyesema ubaya unatoka kwenye hiari ya binadamu alimkubalia kwa mwizi na kwa mwuaji, lakini akauliza mto una hiari gani. Na shangazi mmoja aliposema Mungu alimpenda zaidi, Mama Eufrazia, aliyekuwa akimenya ndizi, aliuliza bila kuinua kichwa, "Kwani mimi nilimpenda kidogo?"

Ijumaa Kuu marehemu aliongoza ibada ya Njia ya Msalaba, ingawa wengi hawakutegemea. Alipofika mahali ambapo Bwana msalabani anamuuliza Baba yake kwa nini amemwacha, aliwaambia waumini kwamba ameyasoma maneno hayo kila mwaka na hakuwahi kuyasikia, kwamba Mwana aliuliza na jibu halikuja saa ile, na kama Mwana aliuliza, baba yake Redempta naye anaweza kuuliza. Aliomba radhi kwa kila mama ambaye yeye aliwahi kumwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, akasema hatasema hivyo tena mbele ya kaburi la mtoto, kwa sababu yeye ni katekista na hajui.

Maneno hayo yaliwatisha watu. Baada ya Pasaka baadhi ya wazee walikwenda parokiani, wakasema katekista amepoteza imani na hafai tena kufundisha watoto, na kwa majuma kadhaa funguo za kanisa zilikaa kwa mtu mwingine, na marehemu alikaa benchi la nyuma na mke wake. Faraja alikuwa mdogo, lakini anakumbuka kwamba baba yao hakukosa Jumapili hata moja.

Padri Benedikto, ambaye ndiye aliyekuwa paroko wakati huo, alipanda kwa miguu kutoka Matombo, hakumwita. Alimkuta shambani, akashika panga wakaparua mdalasini pamoja, kisha akamuuliza kama bado anasali. Marehemu alisema anasali, ila sala yake yote siku hizi ni kuuliza. Padri akamuuliza anamuuliza nani.

"Namuuliza yeye mwenyewe. Nimuulize nani mwingine?"

"Basi hujamwacha," alisema Padri Benedikto. "Mtu haulizi nyumba isiyo na mtu. Jumapili fungua kanisa."

Agosti mwaka huohuo, maji yalipopungua, marehemu alianza kujenga kivuko cha kuning'inia pale mtoni. Alishuka Morogoro mjini kutafuta nyaya za chuma, akaingia kwenye duka la Bwana Mahendra, na alipoulizwa za kazi gani alisema ukweli. Bwana Mahendra alizikata mwenyewe kwa mkono wake, akazidisha urefu, akaziongezea boliti, akasema kwamba binti yake Drashti ana umri uleule, na kwamba hata kwao hekaluni watu wanauliza swali hilohilo, akagoma kupokea chochote. Mbao zilipasuliwa na watu wa kigango na watu wa msikiti kwa pamoja, wakiwemo wazee walewale waliokwenda parokiani, na Abdulswamad ndiye aliyetangulia kuvuka, akirukaruka katikati na kupiga kelele kwamba anajaribu kama mbao za Wakatoliki zinambeba Mwislamu mnene.

Tangu hapo, kila masika yalipokaribia, marehemu alikagua kivuko ubao kwa ubao, na kila mtoto alipofariki kijijini, wa dini yoyote, alikwenda na ndoo ya maji na kuni begani, akaketi, akanyamaza. Wanawake wengi walio hapa wanajua uzito wa ule ukimya wake. Alifundisha mafundisho ya dini hadi mwaka 2016, na mtoto aliyeuliza swali gumu alipewa ndizi mbivu. Familia inajivunia jambo hilo kuliko vyeti vyote.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, akahamia Bigwa kwa Faraja ili awe karibu na matibabu, ingawa kila aliyemtembelea kutoka kijijini aliulizwa kwanza hali ya kivuko, na kuanzia Februari mwaka huu hali yake ilibadilika. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi wa zamu ya usiku aliyemkunjia kanga yake mwenyewe iwe mto, jirani Mwajuma kwa uji, makatekista wenzake waliopokezana kumsomea, Padri Benedikto, familia ya Bwana Mahendra iliyomleta Drashti leo kutoka mjini, na ninyi nyote mliopanda mlima huu.

Asubuhi ile ya Jumanne, baada ya mpako mtakatifu wa wagonjwa, Abdulswamad alimwinamia na kumwambia, "Mtani, unaondoka na deni la swali. Jibu umepata?"

"Sijapata," alisema marehemu. "Naenda nalo hivyohivyo. Nitamkabidhi mwenyewe."

"Usitoke hapo mpaka akujibu."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, akanywa uji kijiko kimoja, akamshika Mama Eufrazia mkono, na aliyosema mwisho ni haya: "Zile mbao mbili za katikati ya kivuko zimeoza. Msinipitishe majini." Alifariki saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanane.

Baba, umeuliza vya kutosha, sasa lala karibu na Redempta, na Bwana uliyemng'ang'ania akupokee.

Jana Jumatano Mzee Abdulswamad na vijana wa kigango walibadilisha mbao mbili za katikati, na leo asubuhi jeneza limevuka juu ya kivuko.