Mamba wa Kalundu na Serikali Mbili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Jimbo, karibu Kalundu. Sisi wavuvi, wapagazi wa bandari na akina mama wachota maji tumefurahi kukuona, ingawa tuliandika barua sita na hatujui ni ipi iliyokuleta. Tafadhali usisogee sana upande wa majini.

HISTORIA
Tangu Januari hii ya 1964, mamba mmoja amehamia pale tunapochota maji. Mwezi uliofuata alimkata Mama Libérate mkono wa kushoto mbele ya macho yetu. Bunduki za wawindaji wetu zilikwisha kukusanywa kwa sababu ya fujo za bonde la Ruzizi, basi tukaenda ofisini. Huko tukasomewa sheria: uwindaji ni madaraka ya jimbo, lakini ziwa lipitalo meli ni la serikali kuu iliyoko Léopoldville. Mamba akiwa majini ni wa Léopoldville. Akipanda mchangani ni wa jimbo. Tunashukuru kwa kuelimishwa. Mamba hajaelimishwa.

MAFANIKIO
Kwa kuwa sisi ni raia watiifu, tuliamua kumleta jimboni. Tulifunga mbuzi wa Mzee Sévère ufukweni, tukatega kamba nene ya mtumbwi, na mamba aliponaswa watu thelathini tukavuta kwa wimbo wa kuvutia nyavu. Alitoka! Tukamwita ajenti wa jimbo, naye akaja na askari mwenye bunduki. Akamzunguka mamba mara mbili, akasema:

“Mukia ingali mu maji. Miye siwezi. Mungoje barua ya Léopoldville.”

Tukasihi apigwe kichwa tu, maana kichwa kilikuwa cha jimbo. Ajenti akakataa, akisema mamba angekufa wote, hata mkia wa Léopoldville. Tukiwa bado tunabishana, mamba aliondoka na kamba yetu, na mbuzi pia.

MAOMBI
Mheshimiwa, leo hatuombi barabara wala shule. Tuachie askari mmoja na bunduki yake, kwa siku mbili tu. Mama Libérate huyu hapa mbele yako. Sasa binti yake Charlotte ndiye anayechota maji, na kila asubuhi akishika ndoo tunaogopa, hatufichi.

Orodha ya madaraka tumesomewa mara tatu. Jambo moja tu tumeachiwa sisi wenyewe, wala hakuna serikali inayoligombania: kuzika. Hatutaki kulitumia.

Mungu akufikishe salama Bukavu, akulinde nchi kavu na majini, kote.

Ni sisi,
Wakazi wa Ufuko wa Kalundu, Uvira
Msomaji: Hyacinthe, karani wa wavuvi