Benchi Safi Kuliko Sebule

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, na mbele yake jiko la kahawa. Usilidharau benchi lile. Lina sheria: kila Jumamosi mmoja wa wanaokaa hapo anafagia, anasugua benchi na kuosha vikombe, kwa zamu, na hajawahi kutokea mtu akakwepa. Jumamosi hii zamu ilimwangukia Baba Pacha, fundi rangi, ambaye kwa haki hakutakiwa kuwa pale. Mkewe ni muuguzi, na alikuwa amekesha hospitalini. Wiki iliyopita alirudi akakuta nguo zimejaa, akaanza kufua na viatu vya kazini miguuni, usingizi ukamchukua kaegemea beseni. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe. Basi leo Baba Pacha aliapa. Watoto kawapeleka kwa bibi yao asubuhi na mapema, sabuni ya unga kanunua, nyumba itakuwa safi kabla mama hajarudi, alale mpaka usingizi wenyewe umchoke. Akapita kijiweni kwa kikombe kimoja tu. Sasa alikuwa na cha tatu.

— Nyumba inanishinda, ndugu zangu, alisema huku ameinamia karai la vikombe. Wiki nzima niko juu ya ngazi na brashi. Jumamosi ikifika nifue, nideki, na wale wawili wako nyuma yangu wanachafua. Sasa kupumzika ni lini?

— Huna mpango, ndiyo shida yako, alisema fundi viatu, ambaye wanamwita Waziri maana hakuna jambo asilokuwa na mpango nalo. Gawa nyumba. Wiki hii jikoni, wiki ijayo sebuleni, ya tatu chumbani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Akifika chumbani, jikoni kumeshaota majani, alisema Birika, muuza kahawa.

— Si ndipo anaanza upya?

Vikombe vilikuwa na weusi wa kahawa usiotoka kwa maji matupu. Baba Pacha alikitazama kifurushi chake cha sabuni, akakifungua pembeni, kidogo tu.

— Kwani wewe unadeki? aliuliza Injinia, fundi redio, mtu wa kuwategemea wahenga kila anapokosa hoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe unayamwaga mwenyewe halafu unayazoa. Unashindana na wahenga?

— Na nguo je?

— Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo nisingezitia mkono. Chukua pipa, tia nguo na sabuni, lifunge kwenye gurudumu la baiskeli. Wale pacha wana nguvu za bure. Mmoja akanyage pedali, mwingine amfukuze.

— Amfukuze aende wapi, na baiskeli imefungwa? aliuliza Birika.

— Ndiyo maana hawatapotea.

Waziri hakukubali kupitwa.

— Baba Pacha, wewe fundi rangi unateseka bure. Sakafu paka rangi ya matope. Kuta, paka rangi ya mikono ya watoto. Uchafu ukiingia utakosa pa kuonekana.

Baba Pacha alicheka, ila ile rangi ya mikono ya watoto aliifikiria. Alijua hata namna ya kuichanganya. Mkono wake nao ulikuwa haujatulia: alikwisha kumwaga sabuni juu ya benchi, anasugua kama anaandaa ukuta, na kifurushi kilikuwa kimebaki nusu.

— Mimi nasema ahame, alisema Injinia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi ahame siku ya pili.

Walikuwa wangali wanacheka mwanamke mmoja alipofika, mkoba begani, miguuni viatu vyeupe vya kazini. Baba Pacha aliinua kichwa, povu limemfika viwikoni, akamwona mkewe.

— Mama Pacha. Mbona mapema?

— Wametuachia mapema. Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji. Pole na kazi.

Aliangalia chini palipofagiwa, akaangalia vikombe vilivyopangwa mstari, vyeupe pe. Akakiangalia kifurushi cha sabuni, ile ile aliyomwagiza mumewe. Kisha akakaa upande wa benchi uliokwisha kukauka.

— Pasafi hapa, alisema. Nani anapasafisha?

— Tunapeana zamu, shemeji, alisema Waziri kwa fahari. Tangu tuanze, hakuna aliyewahi kukosa.

— Hata mvua ikinyesha?

— Hata mvua.

— Na hamgombani?

— Tugombanie ufagio? Kazi ya kufumba na kufumbua.

Mama Pacha akatikisa kichwa polepole. Alipouliza tena, aliuliza kwa upole, vile anavyomuuliza mgonjwa panapomuuma.

— Na nyumbani kwenu, leo zamu ya nani?

Waziri aliinamia kiatu kilichokuwa mkononi. Injinia alifungua mdomo, lakini wahenga walikuwa wamemkimbia. Baba Pacha alianza kujifuta povu viwikoni.

— Kahawa, shemeji? aliuliza Birika.

Kichwa cha Mama Pacha kilikuwa kimeegemea ukuta, mkoba uko mapajani, amelala.

Baba Pacha alikunja mdomo wa kifurushi asije akamwaga iliyobaki.

— Msimwamshe, alinong'ona. Nikimaliza kule nyumbani nitakuja kumchukua.

Akaondoka kwa hatua ndefu. Waziri aliweka nyundo chini asimwamshe shemeji kwa kugonga, ingawa mwenye kiatu alikuwa karibu kuja. Mara Injinia naye akainuka.

— Na wewe unakwenda wapi? alinong'ona Waziri.

— Nyumbani. Nimekumbuka kuna vyombo.

— Zamu yako?

— Sijui. Ndiyo naenda kuuliza.