Mguu wa Nyuma Atavaa Nini?

Benchi letu liko mbele ya posta ya Kilcorran, limeegemea ukuta chini ya dirisha la Breda, msimamizi wa posta, mjane mwenye sauti inayoweza kuamuru mvua ikome. Kahawa tunanunua ng'ambo ya barabara, kwenye tela la kubebea farasi lililotobolewa dirisha likawa mgahawa. Halmashauri imebandika kibao kwamba benchi ni la “mapumziko ya muda mfupi”, nasi tumekuwa tukipumzika hapo kwa muda mfupi tangu Wakili astaafu. Wakili ni Fergal. Sheria hajaisomea, ila aliwahi kuitwa kuwa mzee wa baraza mahakamani, na hajapona mpaka leo. Askofu ni Colm, ambaye siku moja alimbebea askofu begi kutoka garini. Na Mguu ni Malachy, mwenye robo ya farasi aitwaye Mkwe Kimya. Robo yake, tulikwisha kubaliana, ni mguu wa nyuma wa kushoto. Mchana huu Mkwe Kimya anakimbia kwa mara ya kwanza, na Mguu ataingia uwanja wa ndani, pale wenye farasi wanapomweleza mpanda farasi mambo anayoyajua. Breda hakosi kwenye uzio wa uwanja huo. Mguu amenunua stempu kwake miaka nenda rudi, na hana mtu wa kumwandikia. Ndiyo maana alikuja kijiweni na suti mbili mkononi, ya sufu ya kahawia na ya kijani, uso kama wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

— Kijani? Wakili alishtuka. Mzee, unataka kutuua? Kijani kwenye mbio ni mkosi.

— Mkosi kwa vipi? nikauliza.

— Farasi akiona kijani anadhani majani. Anasimama, anakula.

— Atamla Malachy?

— Si mali yake? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Basi kahawia, Mguu akasema.

— Sufu? Mwezi wa saba? Askofu akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Utachemka kama viazi, bwana we. Halafu farasi ana pua. Akinusa kondoo uwanjani, heshima imekwisha.

— Barua ya uwanja wa mbio inasema tu “wenye farasi wanaombwa kuvaa nadhifu”, Mguu akasema.

— Wanaombwa! Wakili akanyanyua kidole. Anayeombwa ana haki ya kukataa. Kisheria unaweza kuingia na pajama, na mlinzi hana la kukufanya.

— Breda atakuwa pale uzioni, Fergal.

— Pajama iliyopigwa pasi, basi.

— Nisikilizeni mimi, Askofu akasema, akishusha sauti ya ibada. Vaa rangi za mpanda farasi. Njano na nukta nyeusi. Simama mwisho wa mbio. Farasi atakuona, ataona nukta, atajua huyu ndiye baba, atakukimbilia.

— Wote wanakimbilia huko huko, nikamwambia.

— Lakini yeye atakuwa na sababu!

— Haraka haraka haina baraka, Mguu akanung'unika.

— Usiitaje hiyo leo! tulimfokea wote watatu.

Wakili alitaka kofia ndefu. Askofu akasema kofia ndefu itamziba Breda. Wakili akasema bora imzibe, mwanamke hupenda alichokitafuta. Askofu akapendekeza manyoya ya tausi. Mguu aliinua suti moja, akaishusha, akainua nyingine, na jasho lilikuwa limeshamtoka hata kabla ya kuvaa sufu.

Hapo dirisha lililo juu ya vichwa vyetu likafunguka. Kumbe halikuwa limefungwa vizuri tangu asubuhi.

— Malachy, Breda akasema. Mwenye farasi si hupewa beji mbili za kuingilia uwanja wa ndani? Hiyo ya pili ni ya nani?

Nikamtazama Wakili: viatu vyake viling'aa, jambo lisilotokea tangu mazishi ya mama yake. Ndani ya koti la mvua la Askofu kulikuwa na tai ya hariri. Mimi nikafunga zipu ya koti langu hadi kidevuni, shati langu jipya lisionekane.

— Ya... Mguu akaanza, akatutazama mmoja mmoja.

— Ya? Breda akauliza.

Tulisikia kibao cha “Imefungwa” kikigeuzwa mlangoni, kabla ya saa ya kufunga, jambo ambalo makao makuu yangelitakia maelezo kwa maandishi. Breda akatoka, akamsogeza Wakili kwa nyonga, akaketi kati yake na Mguu, akaweka mkoba mapajani.

— Nina muda, akasema.