Darubini Hakukubali

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyie wa ofisini mliokaa kule nyuma, poleni. Familia imenipa mimi niseme historia ya mume wangu, maana ni mjukuu wangu wa kwanza na ndivyo nilivyomwita, na kusoma sijui, kwa hiyo sina karatasi, nasema ya kichwani, ambayo hakuna wa kuyafuta.

Alizaliwa tarehe nne mwezi wa tatu, mwaka themanini na sita, chumbani kwangu, gari la hospitali likiwa bado njiani. Shule alianza mwaka tisini na tatu, akapanda mpaka chuo, akasomea mambo ya ramani, akahitimu mwaka elfu mbili na kumi, ana digrii na viatu vimetoboka.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye ofisi inayofuatilia ujenzi wa mitambo ya umeme, na kazi yake ilikuwa kuangalia picha zinazopigwa na setilaiti huko juu, aone kama ujenzi unakwenda walivyoahidi au umelala, na wenzake wakambandika jina Darubini. Nikamuuliza, mume wangu, ukichungulia toka juu unajuaje kama jengo limepanda, akanicheka, akasema, "Bibi, naangalia kivuli, likipanda nacho kinarefuka."

Tarehe kumi na nne Desemba, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, alimuoa huyu mke mwenzangu mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Sasa mwaka huu ukaja mtambo ule mkubwa unaosemwa utafunguliwa karibuni. Picha ikaonyesha paa jipya, refu, linang'aa, ofisini wakapiga makofi, Darubini akatazama, paa halina kivuli, akatazama picha nyingine, halina, kumbe ni mabati yamelazwa chini kwenye udongo, yaonekane toka juu. Akaandika kwamba ujenzi umesimama, bosi wake akamwambia abadilishe, akakataa, wakabishana mpaka mama wa chai akaacha birika jikoni akaja kusikiliza.

Mwezi wa nane akaanza kuvimba miguu. Daktari alisema ni figo, nami namwamini daktari, sisemi mtu kamtilia mtu kitu, ingawa zile juisi zilizotoka ofisini nilizimwaga mwenyewe.

Jumamosi, tarehe kumi na moja mwezi huu, aliwekewa mpira kooni, hakusema tena. Jumatatu bosi wake akaja kumwona, mara ya kwanza tangu augue, akaingia peke yake, akatoka anajifuta jasho, akasema, "Bibi, tumezungumza vizuri, amekubali tuandike mtambo unakaribia kwisha, na jina lake tuliweke chini." Nikamuuliza, "Mmezungumza na nani, baba, na mpira ule?" Akasema, kwa macho. Kwa macho! Sisi hata akitaka maji tulikuwa tunabahatisha, mwenzetu kaelewana naye mtambo mzima.

Alifariki Jumatano, tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono. Na jana bosi alikuja nyumbani, mpole kama paka aliyeiba, akaniomba, "Bibi, ukifika kwenye kazi yake sema tu alikuwa mtiifu, ya mabati yaache, msiba si mahali pake." Mimi nasema mbele yenu, nyote mashahidi, hakukubali.

Tunawashukuru madaktari na manesi, hawakumchoka, majirani kwa viti na turubai, wenzake kazini waliomtolea damu, Mungu awarudishie. Na wewe bosi, asante kwa shada, ndilo kubwa kuliko yote, ila jina la mjukuu wangu usiliweke chini ya maneno yako, lina wenyewe, wale pale watoto wake, bado wanalitumia.

Haya, mume wangu, pumzika kwa amani, uliyosema tumeyasema.