Thomasine Akabidhiwa Ardhi Yake

Mheshimiwa Bwana Aldwyn Crewe, afisa wa Mfalme katika mambo ya mirathi; Baba Padri; Bibi Idonea, mkubwa wa nyumba hii; Bwana Ranulf Pyke, ambaye hadi jana ulikuwa mlezi wa nyumba hii na leo ni mgeni wake, karibu nyama; majirani zangu wa Thornhay, na nyinyi mliofuata bia tu na mnajijua: amani iwe kwenu.

Nimeombwa, mimi Gervase Tolly, mkulima, niseme machache kwa niaba ya wanaume kumi na wawili tulioapishwa jana. Nilikataa. Wakanijazia kikombe, nikakubali.

Tunasherehekea nini leo? Ardhi. Na ardhi hii ilikujaje, kama si kwa harusi? Bibi Idonea, usiangalie dari kana kwamba hayakuhusu. Mume wako wa kwanza alikuja na mashamba ya mtoni na kukuachia mtoto mmoja, Giles. Wa pili alikuja na kinu cha maji, hakuwa na mtoto wala ndugu, akakuachia kinu. Wa tatu alikuja na kikohozi. Unasemaje, Bibi? Alikuwa mzuri wa sura? Sikatai, lakini sura hatukuweza kuilima!

Vyote hivyo ulimpa Giles siku alipooa, na Giles, Mungu amrehemu, alituachia binti huyu mmoja, Thomasine, akiwa bado anashika sketi za yaya. Mrithi akiwa mdogo, mlezi hula mavuno na kumchagulia mchumba. Bwana Ranulf hakuhangaika kutafuta mbali. Alichungulia mezani kwake, akamwona mwanawe Lambert akitafuna, akasema, "Huyu hapa!"

Lambert, usinune. Hakuna anayekuchukia. Ila msichana alisema hakutaki, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na sheria ikasema atasikilizwa akifikisha miaka kumi na sita. Bwana Ranulf akadai bado ana kumi na tano, na kwamba kabla mwaka haujaisha atakuwa mke wa mtu. Nani angembishia, wakati siku ya mtoto kuzaliwa haiandikwi popote, bali hukaa vichwani mwa majirani?

Basi tukaitwa sisi, vichwa vyenyewe. Mnajua utaratibu: kila mmoja aape kwamba anaikumbuka siku ya ubatizo, kisha aeleze ni jambo gani lililomfanya aikumbuke. Hamo wa kinuni akaanza: "Nakumbuka, bwana, maana siku hiyo nilianguka nikavunjika mguu." Vizuri. Akafuata Wat Pinnock: "Na mimi, bwana, nilivunjika mguu." Akasimama Simkin, ambaye hajawahi kufikiri peke yake tangu azaliwe: "Mguu, bwana. Wa kushoto."

Bwana Aldwyn akaweka kalamu chini. "Jamani," akauliza, "huu ulikuwa ubatizo au vita?"

Mlicheka, nami nilicheka. Lakini nilimwona Thomasine, hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa bibi yake mpaka vidole vimekuwa vyeupe, kwa sababu Bwana Ranulf alishaanza kuvaa glavu zake aondoke na ushindi. Hapo nikaona haya kwa ajili yetu sote. Watu wazima tumepewa maisha ya mtoto mikononi, tunamletea miguu!

Nilikuwa wa mwisho. Nikaapa, nikasema hivi, na nitarudia kwa sababu waliokuwa nyuma hawakusikia.

Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Lusia, theluji imejaa. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, tukamwita Avice, naye akaishi siku moja tu. Nilikuwa namzika. Wakaja watu wa Giles na kichanga chao kwenda kubatizwa, na Giles aliponiona kaburini akawazuia wote mlangoni mwa kanisa, kwenye baridi ile, wakanisubiri nimalize. Kichanga kikalia muda wote. Mwaka uliofuata, Lusia ilinikuta Ufaransa na upinde begani, pamoja na nusu ya wanaume wa Thornhay. Kama binti huyu angebatizwa mwaka huo, jinsi Bwana Ranulf alivyodai, ningesimamaje pale?

Bwana Aldwyn hakuniuliza swali. Aliandika, akasema, "Ana miaka kumi na sita." Nakushukuru, mheshimiwa, kwa kutoniuliza. Nawashukuru hata Hamo, Wat na Simkin, ambao leo wanacheza ngoma vizuri mno kwa watu waliovunjika.

Bibi yangu Thomasine, mashamba ni yako, kinu ni chako, na atakayekaa kando yako mezani utamchagua mwenyewe au utakiacha kiti kitupu. Wengi wameniuliza kwa nini kila sikukuu ya Lusia ninakukodolea macho kanisani mpaka nasahau kupiga magoti. Sina ubaya, mama. Ninapenda kujua wangu angekuwa mrefu kiasi gani.

Nimemaliza, majirani, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Na wewe, binti, simama tukuone.